Nyota Ziendazo: Elimu ya Anga ya Jioni katika Urithi Wetu

Miongoni mwa mambo ambayo wazee wetu waliyajua bila ya kuandikiwa, elimu ya anga ni mojawapo, tena ni ile iliyo mbioni kutupotea. Yuko kijana leo aliyefuzu mitihani yote ya shule, awezaye kuzitaja sayari nane kwa mpango wake kutoka kwenye jua, lakini ukimshika mkono jioni ukamtoa uani na kumwuliza ile nyota kubwa iliyo juu ya minazi yaitwaje, atanyamaza. Hatumlaumu, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa kama yeye. Makusudio ya insha hii ni kueleza jinsi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walivyozitambua taa za jioni, jinsi zilivyoongezeka taa nyingine za kutengenezwa na binadamu tangu mwaka 1957, na kwa nini yatupasa kuirejesha elimu hiyo nyumbani mwake.

Kosa letu wenyewe

Mwezi wa Januari mwaka 2001 tulikuwa karani kijana katika ofisi moja ya serikali kwenye pwani ya kusini. Ililetwa habari kutoka kijiji kimoja kwamba kila magharibi taa kali hutundikwa angani upande wa bara, juu ya mikorosho. Haipepesi wala hainguruma, na ikaribiapo saa nne usiku hushuka polepole hata ikapotea. Baadhi ya watu walisema kuwa ni ndege ya wapelelezi. Wengine walisema ni wageni wanaotafuta madini usiku ili wasionekane. Na wako walionong'ona mambo ya uchawi. Wanawake waliacha kwenda kisimani baada ya jua kutua, na watoto walifungiwa ndani mapema. Tuliagizwa twende tukaone, kisha tuandike taarifa.

Tulikwenda pamoja na mgambo wawili, tukalala huko siku mbili. Taa tuliiona, nasi tukaogopa kama wengine, ingawa tulijikaza kiofisa. Jioni ya pili tulipita mbele ya baraza ya mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake kwa mwanga wa kandili.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mmekuja kuilinda Zuhura."

Tukacheka kidogo, tukadhani anatutania. Naye akaweka wavu chini, akanyosha mkono kuelekea bara.

"Hiyo ni Zuhura. Kabla masika hayajashika itashuka, itajificha siku chache, kisha utaiona alfajiri upande wa baharini. Na ikitimia miaka minane, mwezi kama huu, itasimama pale pale. Sasa tazama utosini. Kile kishada ni Kilimia. Ile kubwa iliyo karibu nacho ni Mshtarii, na ile iliyofifia kidogo ni Zohali. Mwaka huu zimekwenda kumtembelea Kilimia. Mwakani hazipo hapo."

Alipokuwa akisema hayo, kitaa kidogo kilitoka kusini kikaenda kaskazini bila ya sauti. Tulimwuliza kama hiyo nayo ni nyota iendayo. Akatikisa kichwa.

"Hicho ni chombo, mwanangu. Chombo cha watu. Tulianza kuviona mimi ni kijana, Waingereza wangali hapa."

Tulimsikiliza kwa adabu ya mdomo tu. Taarifa tuliyoiandika ilikuwa ya kurasa tatu, nayo ilitaja "taa isiyojulikana asili yake" na kuomba wataalamu waletwe. Jina la Zuhura halikuwamo. Mzee yule hakuwa na cheti, nasi tuliona haya kuipelekea ofisi maneno ya mvuvi. Mwishoni mwa mwezi wa Machi taa ikatoweka yenyewe, na jalada likafungwa kwa maneno kwamba hali imerejea kuwa shwari. Mwezi wa Aprili tuliamka alfajiri siku moja kwa ajili ya safari, tukaikuta inang'aa juu ya bahari, pale pale alipotuambia. Aibu tuliyoipata asubuhi ile ndiyo iliyotutuma kuanza kujifunza.

Majina na kazi zake

Kiswahili kina neno nyota, ambalo ni mali ya lugha zetu za Kibantu, na kina neno sayari, ambalo asili yake ni Kiarabu, maana yake ni kiendacho. Maneno hayo mawili peke yake yatosha kuwa somo la kwanza. Nyota zote hutembea pamoja usiku kucha kama watu waliomo katika jahazi moja. Kila mmoja hukaa mahali pake, na jahazi ndilo liendalo. Sayari ni kama msafiri ahamaye kiti: usiku mmoja humwoni akihama, lakini baada ya wiki chache humkuta mahali pengine.

Sayari zionekanazo kwa macho matupu ni tano, na zote zina majina yaliyokaa katika lugha yetu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina haya yalifika pwani pamoja na biashara ya pepo za msimu na elimu ya falaki ya Waarabu, yakapokewa, yakawa yetu. Kando yake yapo majina ya asili, kama Ng'andu, ambalo nalo ni jina la Zuhura. Lipo pia jina Kilimia, litokalo katika kitenzi kulima. Hicho si sayari bali ni kishada cha nyota, nacho kilikuwa saa ya mkulima. Hutua pamoja na jua wakati wa masika, kikapotea machoni majuma kadha wa kadha. Kisha mwishoni mwa mwaka huonekana kikichomoza mashariki giza linapoingia. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huko kusini ya Afrika, Wazulu huita kishada hicho isiLimela, jina lenye shina lile lile la kulima. Na Zuhura ya jioni huiita isiCelankobe, yaani iombayo mahindi ya kuchemsha, kwa kuwa huonekana wakati watu wanapongojea chakula cha usiku. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba Mwafrika hakuitazama anga hadi alipofundishwa na mgeni, asikilize majina haya.

Kwa mabaharia elimu hii haikuwa pambo. Nahodha aliyeondoka na kaskazi kwenda kusini, au aliyerudi na kusi kwenda Arabuni na Bara Hindi, alizitegemea nyota ili ajue aelekeako wakati nchi kavu imefichika. Aidha alihitaji mwaka usiohama pamoja na mwezi mwandamo, kwa sababu pepo hufuata jua. Basi alihesabu siku kuanzia Nairuzi, akizigawa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo alijua lini bahari hufunga na lini hufunguka. Mwaka huo wa jua ungali unaadhimishwa huko Makunduchi, Unguja, katika sikukuu ya Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Ni nyota zipi zilimwongoza nahodha? Zilikuwa zile zilizokaa mahali pake. Sayari ilimpasa aitambue ili asiifuate, maana mwenye kuielekezea Mshtarii omo ya chombo chake mwaka huu kama alivyofanya mwaka jana, atafika asikokusudia. Kutofautisha nyota na sayari kulikuwa ni jambo la kufa na kupona.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya vitabu vya zama zetu. Jina Zohali, ambalo tangu kale ni la sayari yenye pete, limewahi kuonekana katika vitabu vya shule likipewa Uranusi, sayari ambayo wazee hawakuijua kwa kuwa iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781. Mahali pa Zohali pakawekwa Sarateni, neno la Kizungu lililovikwa kanzu. Mtoto aliyefundishwa hivyo akimsikia babu yake akiionyesha Zohali kwa kidole, atadhani babu amekosea, kumbe aliyekosa ni kitabu. Lugha ikipoteza jina namna hii, hupoteza pamoja nalo ushahidi wa watu waliolitumia.

Namna ya kuzitambua

Alama ya kwanza ni kutulia. Nyota iko mbali mno, hata mwanga wake hutufikia mwembamba kama ncha ya sindano, na hewa yetu inapochemka huutikisa. Kwa hiyo nyota humetameta. Sayari iko karibu zaidi, nayo kwa hakika ni kiduara kidogo kinachoakisi mwanga wa jua. Hewa haiwezi kukitikisa chote kwa mara moja, na mwanga wake hutulia. Alama hii husadikika zaidi kwa taa zilizo juu angani, maana karibu na upeo hata sayari huweza kutetemeka.

Alama ya pili ni njia. Sayari hazitangitangi ovyo, bali hufuata njia ile ile ipitwayo na jua na mwezi. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta njia hiyo hupita juu sana, kutoka mashariki hadi magharibi. Taa kali iliyo mbali kabisa na njia hiyo si sayari.

Alama ya tatu ni tabia ya kila mojawapo. Zuhura ni ya tatu kwa mwangaza baada ya jua na mwezi, na weupe wake haukosewi. Haiondoki mbali na jua. Ikizidi sana hufikia digrii 47 tu, na kwa hiyo huonekana jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki, wala huku kwetu huikuti utosini usiku wa manane. Mzunguko wake mbele ya macho yetu huchukua siku 584 hivi, na mizunguko mitano ni sawa na miaka minane ila siku mbili tatu. Hiyo ndiyo miaka minane ya mzee yule wa baraza, ambayo wanafalaki wa Babeli nao waliifahamu tangu kale.

Mshtarii hufuatia Zuhura kwa mwangaza. Rangi yake ni nyeupe yenye umanjano kidogo, nayo huweza kuonekana usiku kucha. Huzunguka anga katika muda wa miaka 12 hivi, yaani kila mwaka huhamia buruji moja. Zohali ni hafifu kuliko hiyo, rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na safari yake huchukua miaka ipatayo 29 na nusu. Mtu akiiona ikirudi mara mbili mahali alipoiona utotoni, amekwisha kuwa mzee. Mirihi hujulikana kwa wekundu wake kama kaa la moto. Kila baada ya miezi 26 hivi huja karibu nasi ikang'aa sana, kisha hufifia hata ikafanana na nyota ya kawaida. Utaridi ni ya wenye subira: haiendi mbali na jua zaidi ya digrii 28, na huonekana kwa siku chache tu katika mwanga wa machweo au wa mapambazuko.

Vyombo vya binadamu

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, na tangu usiku ule anga ya jioni haikuwa tena ya nyota na sayari peke yake. Mwaka 1960, mwezi wa Agosti, Wamarekani walirusha Echo, puto lenye upana wa meta 30 hivi lililopakwa madini ya kung'aa. Lilionekana waziwazi kwa macho matupu katika nchi nyingi hadi lilipoanguka mwaka 1968. Hapana shaka kuwa hiki ndicho chombo, au mojawapo ya vyombo, alivyoviona mvuvi wetu kabla ya Uhuru wa Tanganyika.

Pwani yetu haikuwa mtazamaji tu katika habari hizi. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar, ilikubaliana na Marekani kuweka kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu, Unguja, kwa ajili ya mradi wa Mercury. Wananchi hawakuulizwa, na wengi walikipinga hadharani kwa kuhofia kuwa ni kituo cha silaha. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alizunguka dunia mara tatu, na sauti yake ilipokewa Zanzibar alipokuwa akipita juu yetu kuelekea Bahari ya Hindi. Katika giza la bahari hiyo aliarifu kwamba anakiona kishada cha nyota ambacho sisi twakiita Kilimia. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe, nacho kikafungwa mwezi wa Aprili mwaka ule ule.

Kaskazini zaidi, karibu na Malindi, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco juu ya maji, na baina ya mwaka 1967 na 1988 walirusha setilaiti kutoka hapo. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, na jina lake limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya nayo ilirushiwa setilaiti yake ya Taifa-1 kutoka Marekani. Basi lugha yetu imekwisha kupanda juu. Ni ajabu ikiwa wenye lugha hawainui macho.

Setilaiti hutambulikana hivi. Haina taa yake yenyewe tuionayo, bali huakisi jua. Kwa hiyo huonekana muda wa saa moja au moja na nusu baada ya magharibi, au kabla ya mapambazuko, wakati sisi tumo gizani nayo iko juu ingali juani. Huenda mwendo wa sawasawa, bila ya mngurumo wala taa za rangi. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho ni kikubwa kuliko vyote na huweza kung'aa sana, kiko kimo cha kilometa 400 hivi. Huzunguka dunia kwa dakika zipatazo 90, na huipita anga yetu kwa dakika chache tu. Mara nyingi setilaiti hufifia ghafla katikati ya anga, nayo haikuanguka wala haikuzimwa: imeingia katika kivuli cha dunia. Tangu mwaka 2019 vimeonekana pia vyombo vidogo vya mawasiliano vikifuatana kwa safu kama shanga siku chache baada ya kurushwa, navyo vimezua hofu vijijini kama ile ya mwaka 2001.

Kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu tulitunga ubeti huu mmoja, ambao huuimba wanapotazama juu:

Kimetacho hicho nyota, sayari imetulia,
Chombo angani chapita, kivulini chaingia,
Mngurumo hufuata, ndege anapopitia,
Mwanangu usije sita, anga nakufundishia.

Yatupasayo

Mwezi wa Januari mwaka 2025 tulitoka na watoto hao tukaenda uwanjani penye giza. Ilikuwa imetimia miaka 24 tangu usiku ule wa barazani: mara tatu minane kwa Zuhura, na mara mbili kumi na miwili kwa Mshtarii. Zuhura ilikuwa magharibi, mahali pale pale. Mshtarii ilikuwa imerudi karibu na Kilimia. Zohali haikuwapo hapo, kwa kuwa mwaka wake haujatimia. Ilikuwa chini, jirani na Zuhura, na Mirihi ilikuwa ikichomoza mashariki nyekundu. Mzee yule alikuwa amekwisha kufariki dunia zamani. Tuliwaeleza watoto maneno yake yote na kuwaambia kwamba sisi tulipoyasikia mara ya kwanza hatukuyaandika.

Hofu ya kijiji kile haikutokana na ujinga wa watu wake, maana mwenye kujua alikuwa amekaa barazani kwake, na kila mtu alimpita. Ilitokana na desturi tuliyoizoea ya kudhani kwamba elimu ni ile tu iliyopigwa muhuri. Taa za umeme zimezificha nyota za miji yetu, hilo ni kweli, nasi hatuwezi kukataa umeme. Lakini Zuhura, Mshtarii na Mirihi zaonekana hata kutoka katikati ya Dar es Salaam, na hazihitaji darubini wala fedha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, maofisa utamaduni wa kila wilaya wakusanye majina ya nyota na sayari kutoka kwa wavuvi, wakulima na wafugaji, katika Kiswahili na katika lugha za makabila yote, wakiandika na mahali jina lilipotolewa. Pili, vitabu vya shule virudishe Zohali mahali pake, na mwalimu wa sayansi awatoe wanafunzi nje jioni japo mara moja kwa muhula. Tatu, tutenge elimu ya falaki na ramli ya kubashiria bahati, ili mwenye kuichukia ramli asiitupe na elimu. Kazi hii haiwezi kungoja sana, kwa sababu wenye majina hayo ni wazee. Mwenye babu au bibi aliye hai na amwulize jioni ya leo, na kalamu iwe mkononi.